Mjerumani wa Injinia Iraj

Injinia Iraj hakuwa injinia. Ila Tehran ukivaa koti lililonyooka na ukazungumza kwa utulivu, watu watakuita injinia bila kukudai cheti, na Iraj hakupenda kuwavunja watu moyo. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza vyumba katika maghorofa ambayo hayajajengwa, na mengine ambayo hayakuwa na mpango wowote wa kujengwa. Biashara ilimwendea vizuri mpaka wateja walipoanza tabia mbaya: walitaka kwanza kuviona.

Ndiyo maana Ijumaa hiyo alikuwa amesimama nje ya mkahawa mmoja wa Fereshteh, mtaa wa wenye nazo, akinywa chai ya bei ya kutisha kwa mikupuo midogo ili isiishe kabla hajapata wazo jipya. Mbele yake yalikuwa yameegeshwa magari ya kutoka nje, ya Kijerumani na ya Kiitaliano, mapana, yaliyoinama karibu na lami, yale ambayo ushuru wake bandarini unaipita bei yake kiwandani. Iraj aliyapenda magari hayo kwa moyo wake wote. Alikuwa amewalaghai watu wazima wenye akili zao, lakini mbele ya gari la Kijerumani yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo. Angeweza kutazama taa moja ya mbele mpaka chai ikapoa.

Mara vijana wenye magari hayo wakatoka mkahawani, wakayapita magari yao kama vile wanapita mapipa ya taka, wakavuka barabara mbio na simu mkononi. Ng'ambo ilisimama Peykan ya rangi ya chungwa, lile gari letu la nyumbani ambalo kila mtoto wa Kiirani amewahi kutapika ndani yake wakati wa safari ya Nowruz, mwaka mpya wetu. Ilikuwa ya muuza maua, na maua yalikuwa yamejaa mpaka madirishani. Vijana wakaanza kupiga nayo picha. Binti mmoja akaibusu boneti.

"Mjomba, niuzie hii," kijana mmoja akamwambia muuza maua.

"Nikuuzie, halafu maua nibebee mgongoni?"

"Bebea langu." Kijana akanyoosha kidole kwenye gari jeusi la Kijerumani.

Muuza maua akadhani anatukanwa, akamtimua kwa fagio.

Chai ikampalia Iraj. Watu hawa walikuwa wamenunua kila kinachotoka nje hadi wakakinai, na sasa roho zao zilitamani cha nyumbani, mradi tu kiwe kizee na kiwe na hadithi. Hadithi Iraj alikuwa nazo tele. Na Peykan aliijua moja, nyeupe, nzee kuliko hiyo ya maua, iliyoegeshwa chini ya dirisha lake kule Narmak. Shida ilikuwa moja: haikuwa yake.

Ilikuwa ya mkewe, Simin, aliyeachiwa na marehemu baba yake. Simin alitengeneza achari ya vitunguu saumu na biringanya nyumbani, na kila asubuhi alipakia mitungi kwenye Peykan akaisambaza madukani. Jambo ambalo Iraj hakupenda litajwe mbele za watu ni kwamba achari hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba.

"Kwa hiyo unataka kuuza gari la baba," Simin alisema jioni ile, bila kuinua macho kwenye sufuria ya siki.

"Kuuza ni baadaye. Kwanza nataka kulipatia gari historia yake."

"Historia yake ninayo. Baba alibebea viazi, mimi nabebea achari."

"Hiyo ya zamani. Sikiliza mpya." Iraj akavuta kiti. "Gari hili lilikuwa la Mahtaban."

"Mahtaban gani?"

"Mwimbaji. Malkia wa kumbi za muziki za Lalezar. Akiimba, wanaume wazima walikuwa wakibebwa nje."

"Mbona sijawahi kumsikia?"

"Hata mimi. Nimempata leo nikiwa kwenye basi."

Simin akacheka, na hapo ndipo lilipo tatizo lake la siku zote. Kumkatalia Iraj aliweza. Kumkatalia baada ya kucheka hakuweza, na hata kuolewa kwake kulianza hivyo hivyo. Kaka yake, Kiumars, aliyekuwa amekuja kula na hakuonyesha dalili ya kuondoka, akacheka kuliko wote, akaajiriwa pale pale. Angejifanya mnunuzi tajiri wa pili, kazi yake kupandisha bei.

"Na mitungi yangu nitabebea nini?" Simin akauliza.

"Kwa pesa zitakazopatikana utanunua jipya kabisa, la hapa hapa nchini, limefungwa nailoni kwenye viti. Mimi nitabaki na kitu kidogo tu."

Hakusema kwamba hicho kitu kidogo, kichwani mwake, kilikuwa na milango miwili na kimetoka Ujerumani.

Wakaanza matengenezo. Harufu iliwatesa kuliko kutu. Walimwaga maji ya waridi ya Kashan chupa kwa chupa, na kila wakifunga milango na kufungua, kitunguu saumu kilikuwa kinawasubiri. Simin aliombwa apake rangi ya midomo na kubusu kioo cha ndani. Chini ya kiti cha mbele wakaweka kibanio cha nywele cha zamani, kwa namna ambayo mtu mwenye bahati angekiona mwenyewe. Kisha Iraj akaweka tangazo mtandaoni, na simu zilipoanza kuingia akawakatalia wote wa mwanzo kwa dharau. Alijua tajiri hana hamu na kitu anachobembelezwa kununua.

Alhamisi mtaa mzima ukasikia mngurumo. Vioo vya madirisha vikatetemeka, paka wakapanda ukutani, na gari jekundu la Kijerumani la viti viwili likasimama mbele ya mlango wa Iraj. Ndani yake mkatoka mzee mnene kama kizibo kinavyotoka kwenye chupa: mguu mmoja, mapumziko, kisha tumbo, kisha mzee mwenyewe. Alijitambulisha kuwa Haji Bahador, mwenye mashamba ya pistachio kule Rafsanjan, na lafudhi yake ya kuburuta maneno ilithibitisha. Mkononi alikuwa na mfuko wa pistachio kama zawadi. Iraj aliliona gari kabla ya kumwona mtu, na kwa kweli mtu mwenyewe hakumwona sawasawa mpaka mambo yalipokwisha.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Karibu Haji, umetutilia nuru mtaani."

Haji akaizunguka Peykan taratibu, kiganja kifuani. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mahtaban," Haji akanong'ona. "Nilimsikia Kerman nikiwa kijana. Mwaka ule wa theluji kubwa. Alivaa kijani."

Moyo wa Iraj ukaruka kwa furaha. Mteja anayekumbuka gauni la mwimbaji aliyezaliwa juzi kwenye basi ni mteja wa kuombea dua. Haji akaingiza kichwa ndani, akanusa.

"Nasikia kama siki."

"Manukato ya Paris, Haji. Ya miaka ile. Yamechacha."

"Ndiyo hayo hayo," Haji akasema, na machozi yakamtoka. Akapapasa chini ya kiti, akakipata kibanio, akakibana kifuani. Juu dirishani Simin alimtazama kwa makini, akajisemea kwamba mzee huyu analia vizuri mno.

"Sasa, mwanangu, bei?"

"Haji, gari ni kitu gani mbele yako? Lichukue. Ni lako."

Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa anavyojibu. Mwoka mikate husema hivyo, na daktari wa meno husema hivyo, kisha mteja anaapa kwamba haiwezekani, wanasukumana kidogo, ndipo bei inatajwa. Haji akafuta machozi.

"Mungu akuzidishie," akasema, akanyoosha mkono. "Ufunguo uko wapi?"

Jasho lilimtoka Iraj chini ya koti lililonyooka. Alimtupia jicho Kiumars, aliyekuwa amejificha nyuma ya mti na miwani nyeusi, na Kiumars akachomoka kwa nguvu nyingi kupita kiasi.

"Mimi natoa mara mbili yake!" akapaza sauti.

"Mara mbili ya nini, ndugu?" Haji akauliza kwa upole. "Ya bure?"

Kiumars akamtazama shemeji yake kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Basi mpe huyu kijana," Haji akasema, akaanza kurudi kwenye gari lake. "Mimi sina nguvu za kushindana. Na pesa taslimu sitembei nazo, zangu zote ziko mitini mpaka msimu. Nilitaka tu nikuachie huyu." Akaligonga gari jekundu mgongoni kama anayefukuza punda. "Mwanangu kaniletea kutoka ng'ambo. Mgongo wangu haumwezi. Nikiingia ni kama naingia kaburini, nikitoka watu wananipiga picha. Niliwaza: tubadilishane, kila mtu apate cha rika lake."

Iraj akaegemea Peykan kama anayeiaga. Uso wake, kwa mazoea ya kazi, ukabaki na huzuni.

"Haji, unanitia majaribuni. Hili ni kumbukumbu ya taifa."

"Ndiyo maana nasema lipate mtu wa kulitunza. Panda kwanza, ujaribu."

Wakaingia barabara kuu ya Modarres, alasiri ya Alhamisi, saa ambayo Tehran yote inaelekea milimani kula kababu. Foleni ilikwenda mwendo wa jeneza. Lakini Iraj akikanyaga kidogo, mngurumo ulimpanda kutoka kwenye kiti mpaka kisogoni, na madereva wa magari ya nyumbani, waliopanga mstari kulia na kushoto, walimgeukia wakiwa na husuda waziwazi. Hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo akiwa amesimama mahali pamoja.

"Usimkamue," Haji akaonya. "Injini inazoea bado."

"Na boneti? Naomba tuifungue, tuione."

"Ah, boneti hufunguliwa na wakala peke yake, kwa kifaa chao. Wajerumani hawataki mikono yetu mle ndani."

"Wana haki," Iraj akajibu, kwa heshima ya dhati kabisa.

Waliporudi, Haji akajikuna ndevu. "Kuna kijitofauti, mwanangu. Hata wewe mwenyewe unaona haya. Ongeza chochote. Si kwangu mimi, ni kwa heshima ya huyu Mjerumani."

Chochote kilichokuwepo nyumbani ni bangili za dhahabu alizovikwa Simin na mama yake siku ya harusi. Iraj alipanda ngazi akazungumza naye jikoni, na alizungumza kuliko siku aliyomposa. Simin alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mzee simwamini."

"Mshamba wa Rafsanjan! Amekumbuka gauni la Mahtaban!"

"Ndiyo maana simwamini."

"Simin, gari hilo moja tukiliuza, tunapata lako jipya, bangili mara mbili, na chenji."

Akazivua kwa sabuni, moja moja, maana zilikuwa zimeshauzoea mkono. "Hizi zikipotea, Iraj, na wewe upotee," akasema, na safari hii hakucheka.

Wakaenda kwa mthibitishaji wa mikataba, wakaandikishana, makaratasi ya pande zote yakawa safi. Haji akaondoka na Peykan akipunga mkono, kibanio cha nywele kimening'inia kwenye kioo, akawaachia mfuko wa pistachio. Zilikuwa pistachio nzuri sana, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndicho kitu pekee cha siku ile kilichokuwa kama kilivyoelezwa.

Iraj alipanga kumuuza Mjerumani kesho yake. Halafu kesho yake nyingine. Nani angempa lawama? Kila asubuhi alishuka na kitambaa laini akampangusa. Lakini taabu zikaanza kuja kidogo kidogo. Mjerumani hakuweza kuvuka mtaro wa maji ulio kando ya uchochoro wao, na kwenye kila tuta alijikuna tumbo kwa sauti iliyomfanya Iraj aume midomo. Ikabidi aegeshwe barabara kuu, na Iraj atembee kwa miguu kwenda kwenye gari lake. Muuza nyama, aliyekuwa akimpa Iraj kwa mkopo, sasa alimwuliza kama anataka paja zima. Kinyozi akapandisha bei bila aibu. "Injinia, kichwa cha dereva wa gari lile hakiwezi kuwa bei ya kichwa cha kawaida." Mwenye nyumba akapanda ngazi mwenyewe, akanywa chai, akasifu mapazia, kisha akasema kodi itaongezeka, kwa kuwa anafurahi kuona mambo ya wapangaji wake yamenyooka.

Simin naye alijaribu kupakia mitungi. Iliingia miwili tu, mmoja kwenye kiti na mwingine mapajani mwake, na kwenye tuta la kwanza siki ikamwagikia ngozi ya kiti. Baada ya hapo alibeba mitungi kwa basi.

"Unamuuza lini?" alimuuliza mumewe kila siku, akijisugua mkono mtupu.

Kodi mpya ilipofika, Iraj hakuwa na ujanja. Akampeleka Mjerumani kwa Esfandiar, dalali wa magari ya kifahari, mtu mrefu mwenye kiti chake cha plastiki nje ya duka. Getini palikuwa na tuta kubwa. Mjerumani akalikwea, akagonga tumbo kwa kishindo, akaingia akinguruma kwa fahari. Iraj akazima gari, akatoka, akafunga mlango, akanyoosha koti.

Mjerumani akaendelea kunguruma.

"Zima gari tusikilizane," Esfandiar akasema.

"Nimezima."

"Mbona linaunguruma?"

Iraj akatazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake. Akatazama gari. Gari likapandisha sauti, kama linalopita lori, kisha likashusha. Esfandiar hakuonyesha mshangao wowote. Aliweka gilasi ya chai chini, akafungua mlango, akaingiza mkono nyuma ya kiti, akavuta waya. Kimya kikatanda. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika spika nyeusi, pana kama sinia.

"Tuta langu limechomoa waya wa kuizimia," akasema. "Samahani."

"Hiyo ni... ni ya muziki?"

Esfandiar akamtazama kwa huruma. Akaenda mbele, akabonyeza kitu kwa kidole gumba, na boneti, ile iliyohitaji wakala na kifaa maalumu, ikafunguka kama mlango wa kabati. Ndani, katikati ya nafasi kubwa tupu, ilikuwa imekaa injini ndogo, nyeusi, ya unyenyekevu, kama mzee wa kijijini aliyekaribishwa kwenye sofa la wageni. Iraj aliijua. Kila Mwirani anaijua.

"Ya Peykan," akasema.

"Nzima kabisa, haina neno. Ya Kijerumani ilikufa siku nyingi, spea hazikupatikana, na za magendo zilikuwa bei ya nyumba. Fundi mmoja akaweka hiyo. Ya nyumbani, spea zake unazipata hata kwa muuza mboga." Akamvutia kiti. "Sisi hapa tunamwita Bibi Harusi, kila mwaka anaolewa. Mwaka jana alikuja nalo daktari wa meno, akalia hapo hapo unapokaa. Nikuletee chai?"

"Yule Haji..."

"Oh, safari hii alikuwa Haji? Kwa daktari alikuwa Kanali mstaafu."

Iraj akanywa chai. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alimwona Haji Bahador sawasawa, tangu machozi mpaka mkono ulionyooshwa kudai ufunguo, na pamoja na uchungu wote ikamjia hisia ya ajabu, karibu na heshima. Kwenda polisi hakuwezekani. Ingembidi aanze kwa kueleza Mahtaban ni nani.

Nyumbani, Simin alikuwa akimenya vitunguu saumu. Iraj akamweleza akiwa amesimama mlangoni, upande wa nje.

"Ngoja nielewe," Simin akasema. "Tulikuwa na Peykan."

"Ndiyo."

"Tukaitoa, tukaongeza na bangili za mama yangu."

"Ndiyo."

"Tukapata Peykan."

"Ya viti viwili," Iraj akasema, na papo hapo akajutia.

Wiki hiyo alilala ndani ya Mjerumani, akiwa amejikunja kama konokono ndani ya gamba lake, huku akinuka siki. Asubuhi moja Simin akagonga kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshafanya kazi.

"Gari hili haliendi mbio," akasema.

"Haliendi."

"Linapendeza, linapiga kelele, na linakwenda taratibu. Kuna watu wanaotafuta kitu hicho hicho. Toka, ukaoge. Utawaendesha mabibi harusi, na mabwana watafuata kwa gari jingine. Pesa nitapokea mimi, na kuzungumza na wateja nitazungumza mimi. Ukitamka uongo mmoja tu, hata wa hali ya hewa, narudi kwa mama."

Ikawa kazi. Kiumars alirudisha waya, akajifunza kupamba boneti kwa maua. Magari ya harusi huenda polepole ili watu waone, kwa hiyo hakuna bwana harusi aliyewahi kulalamika, na mngurumo uliwafanya mama wakwe wapige vigelegele. Iraj alivaa koti lake na kuendesha kimya, jambo lililomchosha kuliko kubeba magunia. Kodi ikalipwa. Bangili, hata hivyo, zilibaki mbali.

Mwishoni mwa kiangazi wakakodiwa kwenye harusi moja ya bustanini kule Karaj. Baba wa bibi harusi aliitwa Bwana Teymur, tajiri wa marumaru, mwenye saa ya mkononi iliyomzidi uzito. Alilizunguka gari, akamshika Iraj begani.

"Injinia, niuzie huyu Mjerumani."

Simin alikuwa hatua chache, ameshika sahani ya wali wa zafarani. Alimtazama mumewe. Iraj akanyoosha koti.

"Bwana, si wa kununua huyu. Ndani ana injini ya Peykan."

Bwana Teymur akacheka mpaka meno ya nyuma. "Umesikia wenzangu? Ya Peykan! Anapandisha bei huyu!"

"Kweli. Na huo mngurumo ni spika."

"Spika!" Tajiri akapangusa machozi ya kicheko. "Una mambo wewe. Haya, sema yako."

"Iraj, mfungulie boneti," Simin akasema.

Iraj akafungua. Wageni wakakusanyika na sahani zao. Bwana Teymur akainama, akaitazama injini ile ndogo kwa muda mrefu, kama mtu anavyotazama mchoro katika jumba la makumbusho, naye kwa hakika hakuwa amefungua boneti tangu apate dereva.

"Hawa Wajerumani," akasema hatimaye, akitikisa kichwa. "Angalia usafi. Angalia walivyoacha nafasi. Sisi tungejaza takataka humo."

"Bwana, nakuapia, ni ya Peykan," Iraj akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. Alikuwa hajawahi kusema kweli mara nyingi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. "Utapata hasara."

"Anayekataa kuuza namna hii ana kitu cha thamani," Bwana Teymur akawaambia wageni, kisha akataja bei.

Simin akaweka sahani chini.

"Baba," akasema kwa heshima, "mume wangu amekwambia injini ni ya Peykan na sauti ni spika. Mimi pia nakwambia. Hawa wote wamesikia. Bado unalitaka?"

"Binti yangu, mimi ni mtu mzima. Najua ninachokiona."

"Basi ni lako," Simin akasema. "Na safari hii si kwa adabu."

Jumamosi wakaandikishana. Simin akarudi na bangili mkononi, si zile za mama yake, maana zile hazikupatikana tena, ila nzito kuliko zile, na nyuma yake gari jipya dogo la mizigo la kiwanda cha hapa hapa, jeupe, nailoni bado kwenye viti. Mitungi yote iliingia. Kiumars alishangilia. Iraj peke yake alikaa kwenye ngazi akiwa amejishika tama.

"Una nini?" Simin akamuuliza.

"Sikumdanganya hata kidogo."

"Sasa?"

"Ndiyo bei kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, Simin. Na sikufanya lolote. Hata mpumbavu angeweza."

Simin akampa mtungi wa achari aupakie, na Iraj akaupakia.

Wiki moja baadaye simu ikalia. Alikuwa Bwana Teymur. Iraj akasimama wima, rangi imemtoka, akawa tayari kwa matusi. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, bwana." Akasema tena, "Ndiyo, bwana," kisha akaifunika simu kwa kiganja.

"Anashukuru. Anasema gari halimsumbui, fundi wake amelisifu, spea ni rahisi ajabu." Akashusha sauti. "Jirani yake ameliona. Anauliza kama tunalo jingine kama lile."

Simin alikuwa akifuta mitungi, bangili zikigongana taratibu.

"Mwambie hakuna," akasema.

Iraj akaondoa kiganja kwenye simu, akafungua mdomo.

"Subiri," Simin akasema, akiendelea kufuta mtungi ambao ulikuwa umeshakauka. "Muulize kwanza jirani anatoa ngapi."